Tanuri au mwendokasi: kuchagua njia ya kuchunguza viini visivyo vya kawaida

Mwanafunzi wa fizikia wa Mtwara au Lindi anayeandika ombi la kwenda kusomea viini vya atomi hukutana mapema na swali ambalo fomu haimuulizi waziwazi: kiini unachotaka kukichunguza kitapatikanaje? Viini visivyo vya kawaida, yaani visivyo imara, havichimbwi wala havinunuliwi. Vingi vinaishi sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo hutengenezwa na kupimwa papo hapo. Njia kuu za kuvitengeneza ni mbili. Ukichagua isiyofaa, andiko zuri linarudishwa kwa sababu ya mstari mmoja tu, ule wa idadi ya ayoni (atomi zilizovuliwa elektroni) kwa sekunde.

Wengi huanza na maabara yenye jina kubwa, kisha hutafuta kiini cha kuipelekea. Afadhali ugeuze mpangilio huo. Anza na kiini: kinaishi muda gani, kemia yake ikoje, na unataka kujua nini juu yake. Maabara itajichagua yenyewe.

Tanuri

Njia ya kwanza tuiite ya tanuri. Protoni zinapigwa kwenye shabaha nene, viini vya shabaha vinavunjika humohumo ndani, na mazao yanasubiri joto liyatoe nje. ISOLDE, iliyoko CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, inafanya hivyo tangu 1967. Protoni zinafika zikiwa na nishati ya GeV 1.4 (elektronivolti bilioni 1.4; MeV ni milioni, keV ni elfu), kwa mafungu, na wastani wake ni mikroampea 2 hivi. Shabaha inayotumika sana ni mrija wa tantali wenye urefu wa sm 20 na kipenyo cha sm 2, uliojazwa vidonge vya kabidi ya urani. Umeme wa mamia ya ampea unaupasha hadi karibu nyuzi 2,000 za Selsiasi.

Atomi iliyozaliwa katikati ya kidonge ina safari tatu. Ipenye hadi kwenye uso wa kidonge, ibanduke, kisha ipite kwenye mrija mwembamba wa moto hadi pale inapovuliwa elektroni moja na kuwa ayoni. Baada ya hapo kilovolti 30 hadi 60 zinaivuta, na sumaku inachagua tungamo. Unachopata ni mkondo mwembamba, mtulivu, unaoweza kuunasa kwenye mtego au kuumulika kwa leza.

Mwendokasi

Huku mambo ni kinyume. Kinachorushwa ni kiini kizito, na shabaha ni nyembamba. RIKEN, mjini Wako nchini Japani, inaongeza kasi ya urani-238 hadi MeV 345 kwa kila nyukleoni (yaani kila protoni au nyutroni), sawa na asilimia 68 ya kasi ya mwanga. Inapita kwenye kibamba cha berili chenye unene wa milimita chache, inavunjika, na vipande vinaendelea mbele kwa karibu kasi ileile. Mfululizo wa sumaku uitwao BigRIPS unavichuja vikiwa njiani. Urefu wake ni mita 78, pungufu ya goli hadi goli pale Nangwanda Sijaona, na kipande kinaumaliza kwa chini ya nusu ya mikrosekunde. Hakuna anayesubiri joto, na kemia haiulizwi.

FRIB ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, iliyofunguliwa Mei 2022, inafuata kanuni hiyo, na imesanifiwa kufikia kilowati 400. GSI ya Darmstadt, Ujerumani, inarusha kwa nishati kubwa zaidi, hadi MeV 1,000 kwa nyukleoni na kupita.

| Unachoangalia | Tanuri | Mwendokasi |
|---|---|---|
| Muda hadi kwenye kigunduzi | milisekunde kadhaa hadi sekunde nyingi | chini ya mikrosekunde |
| Kemia ya elementi | inaamua kila kitu | haina neno |
| Nishati ya mkondo | keV 30–60. Ukichapuliwa (kuongezwa kasi) tena, hadi karibu MeV 10 kwa nyukleoni | MeV 100 na kuendelea kwa nyukleoni |
| Usafi | elementi nyingine zenye uzito uleule huingia | mchanganyiko, ila kila ayoni inatambuliwa peke yake |
| Inapong'aa | tungamo, ukubwa, umbo, uozo | kuona kiini kwa mara ya kwanza, ngazi zake za nishati |

Tanuri linapogoma

Kosa la kwanza, na la kawaida kuliko yote, ni kuomba elementi isiyotoka. Rubidi, sizi na fransi zinatoka kwa wingi, na gesi bwete pia. Lakini zirkoni, molibdeni, osmi na wolframu zinahitaji joto kubwa mno ili ziwe mvuke. Zinazaliwa ndani ya shabaha kama nyingine, kisha zinabaki humo hadi zinaoza. Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi ya pili ya andiko, fungua hifadhidata ya mazao ya ISOLDE, ambayo iko wazi kwa yeyote, utafute elementi yako. Kama haimo, usijipe moyo kwamba wewe ndiye utakayeitoa.

Kosa la pili ni muda. Chukua lithi-11, ambayo nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu ya atomi kuoza, ni karibu milisekunde 9. Ikichelewa milisekunde 100 tu ndani ya shabaha, zimepita nusu-maisha 11, na kati ya atomi 2,000 na ushee imebaki moja. Bahati nzuri lithi inatoka upesi, ndiyo maana lithi-11 imechunguzwa kwa miaka mingi ISOLDE. Elementi inayotambaa ikiwa na nusu-maisha hiyohiyo haikupi chochote.

Kosa la tatu ndilo gumu zaidi, nalo ni isobari, yaani viini vyenye jumla ileile ya protoni na nyutroni lakini ni elementi tofauti. Anayeuza korosho kwa stakabadhi ghalani anaielewa shida hii bila fizikia. Magunia mawili yana uzito uleule kwenye mizani, ila ubora haujulikani mpaka sampuli ipasuliwe. Sumaku ni mizani. Bati-132 na antimoni-132 zinatofautiana kwa MeV 3.1 hivi, wakati tungamo lote ni karibu MeV 123,000. Gawa, utapata 40,000. Sumaku inayotenganisha sehemu moja kati ya elfu kadhaa haina la kufanya hapo, inazipitisha zote mbili kama kitu kimoja.

Kupasua sampuli, kwa lugha ya tanuri, kuna namna nne, na kila moja ina gharama yake. Leza yenye rangi mbili au tatu inainua elektroni ya elementi moja tu hadi inatoka. Inachagua vizuri, lakini sizi na rubidi hugeuka ayoni zenyewe kwa kugusa ukuta wa moto, hivyo leza haizizuii. Fimbo ya wolframu kandokando ya shabaha ni namna ya pili: protoni zinapiga fimbo, nyutroni zinazoruka ndizo zinazopasua urani, na isobari zilizopungukiwa nyutroni hazizaliwi kwa wingi. Unapoteza sehemu ya mazao, ila unachobaki nacho ni safi zaidi. Namna ya tatu ni ya kimpishi: unaingiza salfa, bati inatoka ikiwa molekuli ya salfidi, na sumaku unaiweka kwenye 164 au 166 badala ya 132. Antimoni na sizi zinabaki nyuma. Ya nne ni mtego wa vioo viwili vya umeme, ambamo ayoni zinakwenda na kurudi mara mamia hadi tofauti ndogo ya tungamo inakuwa tofauti ya muda inayopimika. Unatenganisha sehemu moja kati ya 100,000 na zaidi, ila mtego ukijaa ayoni nyingi zinasukumana na kipimo kinaharibika. Ukiwa na uchafu mara elfu kuliko kiini chako, usianze na mtego. Safisha kwanza kwa leza.

Kuna pia gharama ya kuchapua tena. Ili ayoni ya tanuri ifikie MeV chache kwa nyukleoni, inanaswa, inavuliwa elektroni nyingi zaidi, halafu inaingia kwenye kichapuzi cha pili. Hatua hizo zinakula makumi hadi mamia ya milisekunde, na asilimia chache tu ya ayoni ndizo zinazofika mwisho. Kwa radi-224, inayoishi siku 3.6, hiyo si shida. Ndiyo iliyochapuliwa ISOLDE, ikagongwa kwenye shabaha, na matokeo ya 2013 yakaonyesha kuwa kiini chake kina umbo la peasi. Kwa kiini cha milisekunde 20, sahau.

Mwendokasi unapokosea

Huku hasara haiko kwenye kusubiri, iko kwenye utambuzi. Kila kipande kinapopita kinapimwa mambo matatu: kinapinda kiasi gani kwenye sumaku, kinatumia muda gani kati ya vituo viwili, na kinaacha nishati kiasi gani kwenye chemba ya gesi. Upindaji na muda vinakupa uwiano wa tungamo kwa chaji, A/Q. Nishati iliyoachwa inakupa idadi ya protoni. Fomula ni fupi: kipimo cha kupinda, kwa tesla-mita, ni 3.107 mara βγ mara A/Q, ambapo β ni kasi ikigawanywa kwa kasi ya mwanga na γ ni 1/√(1−β²).

Sasa tazama bati-132 iliyovuliwa elektroni zote 50. A/Q yake ni 2.640. Bati-129 iliyobakiwa na elektroni moja ina chaji 49, na A/Q yake ni 2.633. Protoni ni 50 kwa zote, hivyo chemba ya gesi inaziona kitu kimoja. Kwa kasi ya asilimia 60 ya mwanga, kipimo cha kupinda cha ya kwanza ni tesla-mita 6.15. Ukizilazimisha zote zipite kwenye mkunjo huohuo, katika njia ya mita 47 inayochukua nanosekunde 261, tofauti ya muda ni chini kidogo ya nusu nanosekunde. Saa zako zikiwa na ubora wa nanosekunde 0.3, madoa mawili kwenye grafu yanagusana, na utahesabu bati-129 kuwa bati-132. Kwa hiyo plastiki inayong'aa chembe inapopita, ambayo ndiyo saa yenyewe, na nyaya zake zipimwe kwa pikosekunde makumi, na muda usahihishwe kwa namna chembe ilivyopita juu, chini, kushoto au kulia kwenye kigunduzi. Anayepokea data asiridhike na doa lililochorwa na mtu mwingine. Achore mwenyewe kabla na baada ya masahihisho.

Shida ya pili ni miale ya gama. Kiini kinachoitoa kinakimbia, kwa hiyo nishati unayoiona si ile iliyotoka. Mwale wa keV 2,043 kutoka kwenye kiini chenye kasi ya 0.6 utaonekana keV 3,402 kwenye kigunduzi cha nyuzi 30, keV 1,634 kwenye nyuzi 90, na keV 1,076 kwenye nyuzi 150. Unarudisha kwa hesabu, lakini hesabu inahitaji pembe sahihi, na pembe inahitaji ujue mmenyuko ulitokea wapi ndani ya shabaha. Shabaha ikiwa hidrojeni kimiminika ya sm 10, kutojua mahali kunapanua kilele cha mwale kwenye grafu hadi kinamezwa. Ndiyo sababu chombo cha MINOS kinafuatilia njia za protoni zinazoruka ili kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Hata hivyo, kwa fuwele za iodidi ya sodi, kilele chenye upana wa asilimia 10 ni cha kawaida. Gerimani kwenye mkondo mtulivu wa tanuri inatoa asilimia 0.2. Tofauti hiyo haizibwi na kompyuta.

Usidanganyike na wingi wa mkondo pia. Chemba ya gesi ikipokea chembe nyingi mno, mbili zinapandana na kuhesabiwa kama moja yenye protoni zaidi. Mara nyingine kupunguza mkondo ndiko kunakookoa jaribio.

Kalisi-54: njia zote mbili, mwaka mmoja

Mfano unaofundisha kuliko jedwali lolote ni kalisi. Swali lilikuwa: je, nyutroni 32 na 34 zinaunda ngome mpya (idadi inayokifanya kiini kishikamane kuliko jirani zake), kama zile za 20 na 28? Mwaka 2013 majibu yalikuja kutoka pande zote mbili.

ISOLDE ilipima tungamo za kalisi-53 na kalisi-54 kwa mtego wa vioo, ingawa kalisi-54 inaishi takriban milisekunde 90. Tungamo hueleza ni nishati kiasi gani inatakiwa kung'oa nyutroni mbili, na baada ya nyutroni 32 nishati hiyo ilishuka ghafla. Hiyo ni dalili ya ngome. RIKEN haikupima tungamo. Ilirusha zinki-70, ikapata skandi-55 na titani-56, ikaziondolea protoni kwenye shabaha ya pili ya berili, na vigunduzi 186 vya gama vya DALI2 vikaona kalisi-54 ikitoa mwale wa keV 2,043. Kiini kinachohitaji MeV 2 kusisimka hatua ya kwanza kinashikamana sana. Hiyo ni dalili ya ngome kwenye 34.

Hadi hapo zinakubaliana. Mwaka 2016 leza za ISOLDE zikapima ukubwa wa kalisi-52, yenye nyutroni 32, na kukuta ni mkubwa kuliko ngome inavyopaswa kuwa. Mwendokasi usingeweza kuleta jibu hilo la leza, kwani leza inataka ayoni tulivu. Na tanuri lisingeweza kuleta mwale wa keV 2,043 wa 2013 kwa njia ileile ya kung'oa protoni. Anayekuambia njia moja inatosha kwa "muundo wa kiini" hajasoma kalisi.

Nikeli-78 na oksijeni-28 ni za mwendokasi bila ubishi. Ya kwanza ilionyesha hatua yake ya kwanza ya MeV 2.6 mwaka 2019. Ya pili ilionekana 2023, nayo inasambaratika mara moja kwa kutoa nyutroni nne. Hakuna tanuri la kusubiri kitu kama hicho.

Iko njia ya katikati

Jyväskylä, Finland, wanatumia shabaha nyembamba ya urani, protoni za MeV 30 hivi, na gesi ya heli. Mazao yanaruka kutoka kwenye shabaha, yanapoa kwenye heli, na yanapulizwa nje kwa milisekunde. Joto halihusiki, kwa hiyo zirkoni, molibdeni na rutheni zinatoka kama nyingine. Ubaya ni kwamba shabaha nyembamba inatoa kidogo, na isobari zote zinakuja pamoja. Mtego wa tungamo unafanya kazi yote ya kuchambua. Ukitaka tungamo ya molibdeni yenye nyutroni nyingi, hapa ndipo.

Ukiwa Mtwara, uanze wapi

Mwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida na bando la intaneti anaweza kufanya zaidi ya anavyodhani. LISE++ ni programu ya bure inayokokotoa mwendokasi mzima: weka urani-238 kwa MeV 345, berili ya mm 4, kabari ya alumini katikati, nayo itakuchorea madoa na kukuambia ayoni ngapi kwa sekunde. Jedwali la AME2020 linakupa tungamo, NUBASE2020 nusu-maisha. Ukifanya hesabu hizo kabla ya kumwandikia msimamizi, barua yako inakuwa na namba badala ya hamu.

Aina ya data nayo ipimwe. Data ya leza ni idadi ya ayoni dhidi ya masafa, faili la megabaiti chache. Unaweza kulichambua nyumbani Chikongola umeme ukiwa umerudi. Data ya mwendokasi yenye mamia ya vigunduzi ni ya terabaiti, haihamishwi Mtwara. Unaiacha kwenye seva ya maabara na kuingia kwa dirisha la maandishi tu, ambalo bando dogo linalimudu. Grafu ziteremshe zikiwa zimeshachorwa.

Kwa mtu anayeanza, ningependekeza uozo wa viini kwa njia ya tanuri kabla ya mwendokasi, na sababu si fizikia peke yake. Ukijua kurekebisha kigunduzi cha gerimani, kupima ufanisi wake na kuondoa usuli, umepata ufundi unaotumika hapa nchini. Tume ya Nguvu za Atomiki hupima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na kutoka. Visima vya gesi hukaguliwa kwa vyanzo vya gama na nyutroni, na kusini gesi ipo Mnazi Bay na Songo Songo. Fundi wa BigRIPS hapati sumaku ya mita 78 akirudi Lindi.

Afrika Kusini, iThemba LABS karibu na Cape Town ina saiklotroni ya MeV 200, vigunduzi vya gerimani vya AFRODITE na spektromita ya K600. Mikondo yake ni ya viini imara, si adimu, lakini vigunduzi na uchambuzi ni vilevile. Shahada ya uzamili pale, kisha ya uzamivu kwenye tanuri au mwendokasi, ni mpangilio unaoingia akilini kuliko kuruka moja kwa moja kwenda Wako.

Namba za kukagua kabla ya kutuma: kwa leza ya kawaida ya ISOLDE omba ayoni maelfu kwa sekunde. Mbinu ya CRIS ya hapohapo, inayotumia leza kuvua elektroni na kuhesabu ayoni, imefika chini zaidi, na shaba-78 ilipimwa kwa takriban ayoni 20 kwa sekunde. Kwa nusu-maisha peke yake, mwendokasi unaridhika na ayoni chache kwa saa. Hifadhidata ikikupa 3 kwa sekunde na andiko lako linasema "ukubwa wa kiini kwa leza", badilisha kiini, au badilisha kipimo kiwe nusu-maisha.